Vitanda vya meli za kitalii vikoje? Mama ana mgongo, kabini moja watu wanne

Mtani_wa_Houston

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine mambo vipi. Desemba tunapanda meli pale Galveston, Texas, usiku saba, Cozumel na Roatán halafu kurudi. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka saba, na mama yangu wa miaka 68 anayeishi nasi. Mama ana mgongo. Nyumbani analalia godoro gumu la inchi nane, na ngazi hapandi.

Nimelipa kianzio cha kabini moja ya ndani, isiyo na dirisha, ya watu wanne. Maelezo yanasema "vitanda viwili vinavyoungana, sofa ya kulalia na kitanda cha juu". Picha inaonyesha kitanda kimoja kikubwa cheupe tu, hivyo vingine hawavionyeshi, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Nauliza: vitanda vya kuunganisha vina ufa katikati? Sofa ni ya mtu mzima au ya mtoto? Na godoro likiwa limezama, meli ina la kubadilisha au ndiyo imekula kwetu?

Foronya_Nne

Marahaba. Hicho kitanda kikubwa cheupe ni vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Karibu kabini zote za kawaida ziko hivyo, ili wiki hii alale mume na mke, wiki ijayo walale marafiki wawili. Kwa Royal Caribbean, kwa mfano, vikiunganishwa ni inchi 72.5 kwa 82. Kwa lugha ya dukani kwetu hiyo ni sita kwa sita yenye nyongeza ya inchi kumi miguuni. Vikitenganishwa kila kimoja ni tatu kwa sita na kitu: mtu mmoja analala vizuri, wawili wasahau. Zipo meli zenye utaratibu mwingine. Disney Dream na Disney Fantasy wana kitanda cha watu wazima kilicho kimoja, hakigawanyiki, kwa hiyo anayetaka viwili asome kabla ya kulipa.

Ufa upo. Fremu zinafungwa pamoja, lakini magodoro yanabaki mawili. Kinachouficha ni topa, yaani godoro jembamba la juu, moja pana inayolala juu ya yote mawili, halafu shuka moja juu yake. Topa ikiwa ya upana kamili, mgongo hauujui ufa. Kila godoro likivalishwa topa yake, mtausikia usiku wa kwanza.

Namna ya kuupima: mkiingia kabini, kabla ya kufungua begi, kandamiza kiganja juu ya shuka na ukivute kutoka upande mmoja hadi wa pili, usawa wa kiuno. Kikididimia katikati, weka goti palepale. Goti likitumbukia, fremu zimeachana. Sababu ni kwamba matendegu yamekaa juu ya zulia, meli inatikisika, na kila asubuhi mhudumu anavuta kitanda kidogo apate pa kupita akitandika. Mwite mhudumu wa kabini azibane upya. Ufa ukibaki, omba blanketi la ziada, likunjwe kwa urefu mara nne, lishindiliwe kwenye ufa chini ya topa. Mto usitumie, usiku utakimbia.

Sofa ndiyo inayoliza watu. Zipo za aina mbili. Ya kwanza unaondoa mito ya mgongoni na pale pa kukalia ndipo pa kulalia: nyembamba, lakini imara. Ya pili inafunguka kama kitabu, ina godoro jembamba la sponji, na chini yake chuma kinachopita palepale kiunoni. Kwa mtoto wa miaka saba zote mbili ni sawa. Kwa mama mwenye mgongo, hapana, hata ukiongeza topa.

Kitanda cha juu kinakunjuliwa kutoka ukutani au darini, kina ukingo na ngazi. Kampuni nyingi haziruhusu mtoto chini ya miaka sita alale juu, wako amepita. Ila angalia jambo moja ambalo ofisi za tiketi hazilisemi: kwenye kabini nyingi kitanda cha juu kinashuka moja kwa moja juu ya kitanda cha chini. Kikishushwa, vitanda vya chini lazima vitenganishwe, la sivyo ngazi haina pa kukaa na anayelala chini akiinuka ghafla anakula fremu ya kichwa. Maana yake wewe na mkeo mtalala mbalimbali.

Mkijaa wanne humo, mama apewe kitanda cha chini kilichotenganishwa, ambacho hakina kitanda juu yake, mkeo kile kingine, mtoto juu, na wewe, mkuu, sofa ni yako. Ikifunguliwa inaziba njia ya chooni, basi atakayeamka saa tisa usiku atakuruka.

Fundi_Sponji

Nadakia upande wa godoro lenyewe.

Godoro la meli si la dukani. Sponji ya kawaida inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo matandiko ya meli ya abiria yanapitishwa kwenye vipimo vya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO: yanawekewa sigara inayofuka, yanawekewa mwale mdogo wa gesi, na hayatakiwi kushika moto wala kuendelea kufuka. Kwenye meli zilizosajiliwa nchi za Umoja wa Ulaya, Malta ikiwemo, utakuta lebo yenye mchoro wa usukani. Ndiyo maana godoro likichakaa katikati ya safari hawawezi kuteremka Cozumel wakanunua jingine. Watachukua la akiba stoo au la kabini isiyo na mtu, na Desemba kabini tupu hazipo nyingi.

Ugumu unatofautiana. Nyingi ni za katikati kwenda gumu, na kampuni kubwa zimeboresha sana miaka hii. Princess walianza kuweka kitanda kipya mwaka 2015, godoro la inchi tisa lenye tabaka laini la inchi mbili juu. Kwa mtu aliyezoea godoro gumu la inchi nane, tatizo la kwanza halitakuwa laini au gumu. Litakuwa bonde.

Bonde linatokana na nini: godoro linalaliwa karibu kila usiku wa mwaka, na mchana watu wanakaa kitandani kwa sababu viti ni haba. Ukingo unaotazama luninga unalegea kwanza, kisha pale nyonga zinapokaa. Mama alale chali, miguu imenyooka, wewe upitishe kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita kwa kusugua kidogo, godoro linamfaa. Kikipita na nafasi kubwa ikabaki, ni gumu kwake. Kisipopita kabisa na nyonga zimezama kuliko mabega, hilo bonde.

Dawa zake si moja, na hapa ndipo watu wanapokosea. Godoro gumu unaliombea topa ya ziada, ile sponji yenye vilima na mabonde kama trei ya mayai. Meli nyingi wanayo na kwa kawaida hawatozi, ila idadi ni ndogo, anayeomba siku ya tatu anaambiwa zimekwisha. Godoro lenye bonde ukiliwekea topa, topa nayo inafuata bonde, na mama ataamka vibaya kuliko jana. Hilo ligeuzwe kichwa kije miguuni, ili nyonga ziangukie sehemu ambayo haijachoka. Usilipindue chini juu, mengi yana upande mmoja tu wa kulalia. Likiwa bado linazama, omba lingine, na omba mchana, wakati stoo kuna mtu.

Mito aongezewe miwili. Akilala chali, mmoja chini ya magoti. Akilala ubavu, mmoja katikati ya magoti. Kwa kiuno hiyo inasaidia kuliko kubishana na aina ya godoro.

Tezi_na_Omo

Wenzangu wamesema godoro, mimi naona nusu ya usingizi wa melini iko kwenye mahali kabini ilipo. Godoro zuri juu ya jiko ni hasara.

Kwanza hongera kwa kabini ya ndani. Taa ikizimwa ni giza la kaburini, mtu analala mpaka saa mbili asubuhi bila kujua. Lakini kwa mama ndilo tatizo: akiamka haoni kitu, na mlango wa choo una kizingiti kilichoinuka. Nunua taa ndogo ya betri inayowaka mtu akipita, ibandikwe karibu na kizingiti.

Pili, kutoka Galveston mnaikata Ghuba ya Mexico moja kwa moja, na majira ya baridi upepo wa kaskazini huivuruga. Fikiria pembea ya ubao: katikati panatulia, ncha zinapanda na kushuka. Omo, yaani mbele ya meli, na tezi, yaani nyuma, ndizo ncha. Meli ikienda mrama, yaani ikilalia ubavu huu na ule, sitaha, yaani ghorofa, za juu zinabembea zaidi kuliko za chini. Kwa hiyo mama awekwe katikati ya meli, sitaha ya chini. Mapezi ya pembeni yanayotuliza meli yanafanya kazi vizuri ikiwa na mwendo, ikipunguza mwendo nguvu yake inapungua. Na mapezi yanapunguza mrama tu, kule kupanda na kushuka kwa omo hayakuzuii.

Kelele sasa. Fungua ramani ya sitaha, tafuta kabini yako, halafu angalia sitaha ya juu yake na ya chini yake mahali hapohapo. Unataka kabini juu na kabini chini. Juu kukiwa na bwawa, viti vinaburutwa alfajiri wakati wa kuosha sitaha. Juu au chini kukiwa na jiko, matoroli hayalali. Ukumbi wa muziki chini unapiga besi mpaka usiku wa manane. Sehemu nyeupe isiyo na maandishi kwenye ramani ni ya wafanyakazi, na mara nyingi ina milango inayobamizwa.

Kule omo, chini, kuna mapangaboi ya pembeni yanayoisukuma meli kuingia gatini. Meli ikitakiwa kufunga saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na moja kitanda kinaanza kutetema kama daladala iliyosimama na injini inawaka. Mkifika mahali pa kutia nanga, ongeza na kelele za mnyororo wa nanga.

Kuta zikilia kwiiki kwiiki kila meli inapoyumba, ni paneli mbili zinasuguana. Bonyeza kwa kidole mpaka upate panapolia, sauti itakatika, kisha ingiza karatasi iliyokunjwa kwenye maungio ya paneli. Wakati mwingine ni hanga tu kabatini.

Na ile tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia kabini, kwa mtu mwenye mgongo usiiguse. Mnaweza kutupwa omoni.

Mtani_wa_Houston

Wakuu, nimeelimika kuliko nilivyoelimika kwenye tovuti ya kampuni. Mke wangu amesoma kuhusu sofa akacheka sana.

Mawili. Moja, vipi nikibeba topa yangu ya inchi tatu au godoro la upepo, mimi nikalala chini? Pili, kuna kabini mbili za ndani zenye mlango wa katikati, sitaha ya pili, katikati ya meli. Bei inapanda. Inafaa?

Foronya_Nne

Godoro la upepo sahau. Pa kulitandaza hapapo, na likitandazwa mlango wa kutokea haufunguki vizuri, jambo ambalo mhudumu hawezi kulifumbia macho. Wala msije mkafikiri mkipata godoro mnaweza kuongeza mtu wa tano. Idadi ya watu kwenye kabini inaenda na nafasi za boti za kuokolea, hata mtoto mchanga anahesabiwa. Anayelala kitanda kimoja na mama yake anahesabiwa vilevile.

Topa yako ya nyumbani haijapita vipimo alivyovieleza Fundi, na inakula sutikesi nzima. Ya meli inatosha. Blanketi la umeme la mgongo pia liache, kampuni nyingi wanalikamata wakati wa kukagua mizigo. Mfuko wa mpira wa maji ya moto unaruhusiwa, maji utapata kwenye mgahawa.

Kabini mbili, ndiyo, zinafaa. Ni kweli bei inapanda, maana abiria wa tatu na wa nne kwenye kabini moja hutozwa nauli ndogo. Lakini pima unachopata: vyoo viwili, sofa haifunguliwi, kitanda cha juu hakishuki. Kabini ya kwanza, mama na mtoto, vitanda vitenganishwe. Kabini ya pili, ninyi, viunganishwe. Kampuni hutaka kila kabini iwe na mtu mzima kwenye karatasi, kwa safari za kutoka Marekani mara nyingi wa miaka 21 na kuendelea, na kwa mama hilo limetimia. Mlango wa katikati unapitisha sauti, ndiyo hasara yake, ila sauti yenyewe ni ya mwanao.

Badilisha kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Kwa usiku saba huwa ni kama siku 75 hadi 90 kabla ya safari, kampuni kwa kampuni. Baada ya hapo kubadilisha au kughairi kunaweza kuwa na faini. Unapopiga simu, waandike kwenye buking yenyewe: kabini hii vitanda viwili, hii kimoja, na topa moja kwa mama. Wasiseme "utamwambia mhudumu ukifika". Siku ya kupanda mhudumu mmoja ana kabini nyingi za kugeuza na kabini zinakuwa tayari kama saa saba mchana. Kutenganisha vitanda baada ya hapo ni kuondoa matandiko yote, kuhamisha meza ya kitandani, kuvuta fremu, kutandika upya kwa mashuka ya saizi nyingine. Atafanya, lakini mama atakuwa amekaa kwenye kiti akisubiri.

Jambo jingine: kampuni kadhaa sasa zinahudumia kabini mara moja tu kwa siku. Chagueni asubuhi. Ukichagua jioni, kitanda cha mama kitakaa kimevurugika mchana kutwa, na ndicho kiti chake.

Tezi_na_Omo

Sitaha ya pili katikati ni nzuri kwa mrama, nakubali. Ila usibuku kabla hujaangalia kilicho chini yake. Kwenye meli nyingi chini ya hapo ni njia kuu ya wafanyakazi au karakana, na milango ya mapokezi ya bandarini inafunguliwa usawa huo. Ikiwa kuna sitaha moja juu yake yenye kabini juu na chini, mimi ningepanda hiyo hata kama inabembea kidogo zaidi.

Fundi_Sponji

Hapo tunatofautiana. Kwa mgongo, kubembea kunachosha misuli usiku kucha kwa sababu mwili unajikaza bila mtu kujua. Kelele zina dawa ya shilingi mia, vizibo vya masikio. Chini kabisa, mkuu.

Na kimo cha kitanda mmesahau. Vimeinuliwa ili sutikesi kubwa ipite mvunguni. Mama akiwa mfupi, miguu haitagusa sakafu akikaa ukingoni, na ukingo ndio uliolegea. Aombewe kijingazi cha kukanyagia. Wasipokuwa nacho, avute kiti kiwe kando ya mchago, ashike mgongo wa kiti akiinuka. Asijivute kwa meza ya kitandani, nyingine hazikufungwa ukutani.

Kijana_wa_Likoni

Samahani nikiingilia. Wageni wanalala hivyo, na wafanyakazi je? Kuna nafasi naifuatilia, nataka kujua najiingiza wapi. Mimi nina mita moja na tisini na tatu.

Foronya_Nne

Kwa wafanyakazi ni dabo deka ya chuma, pazia, taa ndogo ya kusomea, na kabati la nguo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaweka kiwango cha chini: kitanda kiwe na sentimita 198 kwa 80 ndani, visizidi viwili kwenda juu, na cha chini kiwe sentimita 30 au zaidi kutoka sakafuni. Kwa hiyo ndugu yangu utaingia, lakini mto ukishachukua nafasi yake vidole vitagusa ubao. Weka mto uegemee ubao wa mchago, ulale ubavu ukiwa umekunja magoti, na omba kitanda cha juu: huko chini wenzako wanakaa kuvaa viatu, na ukingo wake unakwisha mapema.

Pazia utakalokuta likiwa jembamba, nunua bandarini kitambaa kizito cheusi kizuie mwanga, ila muulize kwanza msimamizi wako. Pazia nalo lina kipimo chake cha moto.

Mtani_wa_Houston

Nimepiga simu. Kabini mbili, sitaha ya tatu, katikati, juu kabini, chini kabini. Vitanda vya mama vimeandikwa kwenye buking kwamba vitenganishwe, topa moja, na kijingazi wamesema watajibu kwa barua pepe. Taa ya kizingitini nimeshaagiza mbili.